Picha elfu kumi na nane, utaipataje moja?

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Sababu ni picha moja.

Kuna mzee fundi saa nilimpiga picha miaka michache iliyopita, amekaa mlangoni kwake na miwani yake kwenye paji la uso. Mwezi uliopita mzee alifariki. Binti yake akanipigia simu: mwanangu, ile picha unayo? Tunataka kuiweka mbele ya jeneza. Nikamjibu ninayo, mama, usiwe na shaka. Nikakaa kwenye kompyuta saa mbili usiku. Diski yangu ina picha kama elfu kumi na nane, na karibu zote zina jina lile lile la herufi tatu na namba ambalo kamera hujibandikia yenyewe. Nilipoipata ilikuwa adhuhuri ya siku ya pili. Mzee keshazikwa.

Kwa hiyo picha nilikuwa nayo na sikuwa nayo. Kwa hasira nikaanza kusoma: wenzetu wenye picha nyingi kuliko mimi walifanyaje? Nikajikuta kwenye makabati ya polisi.

Twende Paris, mwaka 1879. Polisi wa mji ule walikuwa wamepiga wahalifu makumi ya maelfu ya picha. Tatizo ni kwamba mhalifu akikamatwa mara ya pili anataja jina jingine, na sura haina alfabeti. Utaanzia droo gani?

Karani mmoja wa miaka 26, Alphonse Bertillon, akaja na wazo: tusiipange picha, tuipange namba. Kila aliyekamatwa apimwe urefu wa kichwa, upana wa kichwa, kidole cha kati, mguu, dhiraa na kadhalika, vipimo kumi na moja kwa jumla. Halafu kila kipimo kigawanywe mafungu matatu: kidogo, cha kati, kikubwa.

Hebu tupige hesabu. Una kadi 90,000. Urefu wa kichwa peke yake unakuachia 30,000. Upana wa kichwa, 10,000. Kidole cha kati, kama 3,300. Mafungu yakilingana, ukifika kipimo cha saba umebakiwa na kadi kama 40 tu, na hizo unazitazama moja moja kwa macho. Kazi ya wiki inakuwa ya dakika chache. Wakubwa wake walimpuuza kwa muda, lakini Februari 1883 kabati lilimuumbua mtu wa kwanza aliyedanganya jina. Mwaka uliofuata, 1884, likaumbua 241.

Kasoro ilikuwa kwenye mikono. Askari wawili wakimpima mtu mmoja, namba zinapishana kidogo, na mtu aliye mpakani mwa "cha kati" na "kikubwa" anaweza kulala kwenye droo ambayo hakuna atakayeifungua.

Dawa ilipatikana Bengal, India, chini ya Waingereza. Huko mkuu wa polisi, Edward Henry, alitaka kutumia alama za vidole. Kuzikusanya ni rahisi. Kuitafuta moja kati ya maelfu ndiyo kazi. Kazi hiyo waliifanya Wahindi wawili wa ofisi yake, Azizul Haque, kijana aliyesomea hesabu, na Hem Chandra Bose.

Njia yao inapendeza. Vidole kumi vinagawanywa jozi tano. Kila jozi ina thamani: 16, 8, 4, 2, 1. Kidole chenye alama ya mzunguko kinahesabiwa, kisicho nayo ni sifuri. Unajumlisha kidole kimoja cha kila jozi upande huu, kingine upande ule, unaongeza moja kila upande, na unapata namba mbili, kila moja kati ya 1 na 32. Mara 32 kwa 32, una vyumba 1,024. Hakuna kupima, ni ndiyo au hapana tu. Anayejua kompyuta keshacheka: ni hesabu ile ile ya sifuri na moja, na mwaka ni 1897.

Mfumo ukaitwa wa Henry, na Henry akawa Sir. Mwaka 1926, uzeeni, alikiri kwa maandishi kwamba katika wasaidizi wake wote Haque ndiye aliyechangia zaidi. Jina halikubadilika.

Na sisi huku? Hatukusahaulika. Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, mwanaume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Aliyetoroka shamba la mlowezi angeweza kutafutwa kama jambazi wa Paris. Ilipokuja sheria ya 1947 kutaka watu wa rangi zote wasajiliwe, walowezi walipiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kufanywa wahalifu. Baada ya ubishi wa miaka wakalegezewa: picha na sahihi zinatosha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuingizwa kwenye droo kuna anayeumia na kuna anayesamehewa.

Kompyuta ilirithi tatizo lile lile, maana nayo haioni sura, inaona namba. Mwaka 1995 watu wa IBM walitangaza mfumo wa kutafuta picha kwa rangi na maumbo. Ukitaka jua linalozama, mfumo wa namna hiyo unaweza kukuletea chungwa. Mwaka 2003 Josef Sivic na Andrew Zisserman wa Oxford waliikata picha vipande vidogo, wakaviweka vinavyofanana fungu moja, na kila fungu wakaliita neno. Picha ikawa kama ukurasa wa kitabu, ikatiwa faharasa. Hatimaye sura imepata alfabeti!

Lakini alfabeti ya nani? Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu zinazotaja jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Walitumia picha za wabunge, wakiwemo wa Rwanda. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, programu mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Anayewekewa lebo mbovu ndiye yule wa mpakani wa Bertillon: yumo kabatini, lakini droo siyo.

Mimi nimeanza na diski yangu. Kila usiku picha hamsini: mwaka, mahali, jina la mtu, na jina namuuliza mwenyewe au nduguze. Ya fundi saa nimeiandika ya kwanza. Nimeichapisha na kuipeleka kwa binti yake. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Asante, mwanangu." Sikuwa na la kujibu.

Je, wewe zako zina majina?