Chai ya Bi Hidaya (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Baba Mkubwa ameapa kwamba Bi Hidaya, muuza chai wa Kunduchi Pwani, ndiye aliyemlisha sumu Baba Mdogo, ndugu yake Baba Mkubwa. Subira amerudi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, alikompeleka Baba Mdogo kwenye mionzi.

SASA ENDELEA...

"Hakuvuta sigara maisha yake yote!" Baba Mkubwa alifoka. "Akitoka baharini ni chai ya yule mwanamke. Leo hata uji haupiti. Si sumu hiyo?"

"Baba Mkubwa, shikamoo yangu umeipokea, na neno langu lipokee. Sigara huacha alama yake kwenye vinasaba, jua kali nalo lina yake. Mwaka 2021 watafiti walitangaza walichokiona katika vivimbe 552 vya saratani ya umio kutoka nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi. Huku kwetu ugonjwa umezidi mno kuliko Uingereza, lakini alama ya sumu ya kueleza tofauti hiyo haikuonekana."

"Wakaona nini?"

"Nyingi ni alama za mwili wenyewe. Seli kabla ya kugawanyika hunakili vinasaba vyake, herufi kama bilioni 6. Nyuzi zake mbili huachanishwa. Mmoja hunakiliwa mfululizo, wa pili vipande vipande, kwa hiyo hubaki uchi ukingoja zamu. Hapo vimeng'enya viitwavyo apobeki, askari wetu dhidi ya virusi, huuvamia na kubadili herufi. Na sehemu zinazonakiliwa mwishoni kabisa hurundika makosa zaidi, kwa sababu huko ukarabati ni hafifu."

Baba Mkubwa akashusha bakora. Subira akapumua.

Sauti ya Baba Mdogo ikakwaruza kutoka mkekani. "Mwanangu, kama makosa huja na kunakili, kwa nini umio wangu ulinakili sana hivyo?"

Subira aliganda. Jibu alikuwa nalo. Mwaka 2016 kituo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kilichoko Lyon, kilisema vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Joto huunguza, kidonda hupona kwa seli mpya, kila seli mpya ni kunakili upya. Na chai ya Bi Hidaya ilisifika kwa kunywewa ikichemka.

Kosa lingekuwa la joto, si la mkono wa mtu. Lakini vijana waliojaa uani na marungu wangesikia neno moja tu: chai.

"Jibu!" Baba Mkubwa aliinuka.

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Bi Hidaya, getini, na chupa ya chai mkononi. "Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

Geti likabamizwa nyuma yake.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Msomaji, ungekuwa wewe Subira, ungemjibu nini Baba Mdogo?