Mjomba, mzee Taylor na tipu ya bei mbaya

Leo sina stori za hosteli. Nimetoka kumaliza insha ya semina, historia ya viwanda, na bado kichwani nina mzee mmoja wa Kimarekani na mjomba wangu.

Mjomba ni fundi wa kukereza vyuma. Juzi kapata kazi ya shafti ya mashine ya kusaga. Akanunua tipu mpya za kabaidi, zile za bei mbaya, ili chuma kitoke laini. Kikatoka na mistari kuliko cha tipu ya zamani! Mteja kagoma kulipa, mjomba anasema kauziwa feki.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1880 Frederick Taylor alianza majaribio ya kukata chuma kiwandani Midvale, Philadelphia. Alidhani ni ya miezi 6. Yakachukua miaka 26! Aliona kuna mambo 12 yanayoamua matokeo: ugumu wa chuma, umbo la ncha, kina, mwendo wa kisu, maji ya kupoza n.k. Ukibadili mawili kwa mpigo hujui lipi limefanya kazi. Kwa hiyo kazi ngumu ilikuwa kuyashikilia 11 yasibadilike huku akipima moja. Ndivyo alivyobaini mwaka 1881 kwamba kisu cha ncha ya mviringo kinavumilia kasi kubwa kuliko cha ncha iliyochongoka. Kabaidi yenyewe ilikuja baadaye; Krupp ya Ujerumani iliitoa mwaka 1927 kwa jina la Widia.

Simsifii kwa yote. Taylor alitafuta kasi, si ulaini, na mfumo wake wa kuwapima wafanyakazi kwa saa uliwafanya mafundi wa Watertown wagome mwaka 1911. Ila somo la kubadili kimoja kimoja nimelikubali.

Nikamwomba mjomba anisomee namba za kwenye viboksi. Tipu ya zamani inaishia 08, yaani ncha ina nusukipenyo cha milimita 0.8. Mpya inaishia 04. Mwendo wa kisu ni ule ule, milimita 0.2 kwa mzunguko. Chukua mwendo, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa nusukipenyo mara 8: matuta ya mikroni 6.25 kwa ya zamani, 12.5 kwa mpya. Mara mbili jamani! Tipu si feki. Mjomba alidhani kabadili ubora tu, kumbe kabadili na ncha.

"Mjomba, weka mwendo 0.1, mengine usiguse. Matuta yatashuka mpaka kama mikroni 3."

Kimya. Halafu: "Hivi wewe si unasomea ualimu?"

Leo asubuhi meseji imeingia: kakereza shafti nyingine, mteja kaipitisha kidole, kalipa. Hela ya ada ya mdogo wangu ilikuwa humo humo.

Semina ni Jumatatu. Mniombee.