Walinzi wa Mabaraza Wasiolipwa

Katika mwaka wa 1978 palifunguliwa katika pande za San Francisco, Marekani, baraza la mazungumzo ya kompyuta lililoitwa CommuniTree. Waanzilishi wake walikuwa na imani kubwa juu ya wema wa binadamu. Hawakuweka mlango wala mlinzi, kwa kuwa kwao ulinzi wa maneno ulikuwa ndugu wa udhalimu. Ilipofika mwaka wa 1982, vijana wa shule waliokuwa wamepata kompyuta zenye kuunganishwa na simu wakaliingia baraza hilo usiku na mchana, wakalijaza matusi. Mtambo haukuwa na njia ya kuzuia neno lisiingie, wala haikuwa rahisi kulifuta likisha kuingia. Baada ya miezi michache baraza likafa.

Tangu hapo hapana aliyeuliza tena kwa dhati kama mlinzi anatakiwa. Swali lililobaki lilikuwa zito zaidi: mlinzi huyo apatikane wapi, afunzwe nini, na alipwe na nani?

Jibu moja lililoenea duniani lilitoka Ufini, nalo lilikwepa swali lote. Mwaka wa 1988 Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu alitunga programu ya Internet Relay Chat, ambayo watu hukutana ndani yake katika vyumba viitwavyo chaneli. Mamlaka ya chaneli yalimwangukia mtu aliyetangulia kuingia. Alama ya @ ilisimama mbele ya jina lake, naye aliweza kumtoa mtu, kumpiga marufuku asirudi, au kumpa mwenziwe cheo kama chake. Hapakuwa na usaili wala mafunzo. Kiti cha mzee wa baraza kilikuwa cha aliyewahi kuamka. Kasoro yake ilionekana upesi. Mitambo ilipokatikiana, mtu aliyejikuta peke yake upande mmoja wa mkato aliweza kutoka na kuingia tena akiwa mwenye cheo. Na mitambo ilipoungana akawafukuza wenye chaneli katika nyumba yao wenyewe. Mabishano juu ya dawa ya wizi huo yalichangia mfarakano wa mwaka wa 1996, mtandao mkubwa ulipogawanyika ukawa EFnet, uliokuwa na nguvu zaidi Marekani, na IRCnet, uliokuwa na nguvu zaidi Ulaya.

Kampuni ya biashara haikuweza kuendesha mambo kwa bahati ya namna hiyo. America Online ilianza mwaka wa 1985 kwa jina la Quantum Computer Services, ikabadili jina mwaka wa 1991. Bidhaa yake hasa ilikuwa saa: mteja alilipa kwa kadiri ya muda aliokaa. Hakuna kilichomkalisha mtu saa nyingi kuliko mazungumzo, na hakuna kilichomfukuza upesi kuliko matusi. Kwa hiyo chumba kilichotunzwa vizuri kilikuwa fedha taslimu, na aliyekitunza alikuwa mfanyaji wa fedha hiyo, ajue asijue.

Watunzaji hao kampuni haikuwatafuta mbali. Iliwachagua miongoni mwa wateja wake: wale waliokuwa wakifika kila siku, wenye maneno ya upole, waliozoea kumwonyesha mgeni njia. Waliitwa Community Leaders, yaani viongozi wa jumuiya, na hesabu yao ikafika kama 14,000. Aliyetaka kazi aliomba. Aliyekubaliwa alitiwa mafunzoni, na mafunzo hayo yaliweza kuchukua hata miezi mitatu. Madarasa yalikuwa humo humo vyumbani. Mwanafunzi alifundishwa kanuni za kampuni, jinsi ya kumkaribisha mgeni na kuyapa mazungumzo uhai yanapozorota, jinsi ya kumwonya mkorofi, na jinsi ya kuandika taarifa. Akisha kufuzu alipewa zamu. Zamu zisipungue saa 4 kwa juma. Saa zake ziandikwe. Na mapatano ya kutunza siri za kampuni yatiwe sahihi.

Ukiyasoma masharti hayo bila kuambiwa ni ya nani, utadhani ni ya karani wa posta. Mafunzo yenyewe hayakuwa mabaya. Yamkini yalikuwa bora kuliko ya mabaraza mengine yote ya zama zake. Lakini kila somo lililoongezwa lilimsogeza mtu wa kujitolea hatua moja kuelekea kwenye ajira, na mshahara haukusogea naye.

Alichopata ni ruhusa ya kutumia mtandao bila malipo. Hapa pana hesabu inayostahili kufanywa. Kabla ya Desemba 1996 mteja wa kawaida alitoa dola 9 na senti 95 kwa saa 5 za mwezi, kisha dola 2 na senti 95 kwa kila saa iliyozidi. Mtu aliyekaa saa 40 kwa mwezi angelipa dola 113 na senti 20. Kusamehewa deni kama hilo ilikuwa zawadi ya maana, na wengi waliifurahia. Desemba hiyo kampuni ikafuta hesabu ya saa, ikatoza dola 19 na senti 95 kwa mwezi mzima. Zawadi ikayeyuka kwa siku moja. Zamu zikabaki vile vile. Mwaka uliofuata, Septemba, kima cha chini cha mshahara katika Marekani kikawa dola 5 na senti 15 kwa saa. Saa 16 za mwezi, ambazo ndizo chache kabisa alizotakiwa kutoa kiongozi wa jumuiya, kwa kima hicho ni dola 82 na senti 40. Pengo baina ya hesabu hizo mbili ndilo lililofika mahakamani.

Kabla ya kufika huko, sheria ilikuwa imekwisha kuwagusa walinzi wa mabaraza kwa upande mwingine. Mwaka wa 1995 mahakama moja ya New York iliamua kwamba kampuni ya Prodigy ilistahili kuhesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno ya wateja wake, kwa kuwa ilikuwa na kanuni, na ilikuwa na wasimamizi wa kuzitekeleza. Ajabu ya hukumu hiyo ni kwamba asiyefagia uwanja wake hana lawama, bali mwenye ufagio ashitakiwe kwa kila takataka itakayosalia. Bunge la Marekani liliiona ajabu hiyo, na sheria ya Februari 1996 ikawakinga wenye mitandao wasiadhibiwe kwa maneno ya watu wengine wala kwa kuyaondoa mabaya kwa nia njema. Basi kampuni zikawa huru kuweka walinzi wengi kadiri zilivyotaka. Juu ya ujira wa walinzi hao sheria hiyo haikusema neno.

Sheria ya kazi ya mwaka wa 1938 ndiyo iliyosema. Watu wa pwani na bara wanaujua ujima: leo twalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba hupika chakula cha wote. Katika mapatano hayo hakuna bwana, maana zamu huzunguka. Sheria ya Marekani nayo imeacha nafasi ya kujitolea kwa mashirika ya hisani na ya umma, lakini si kwa kampuni binafsi inayotafuta faida. Mwaka wa 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, katika shauri la Alamo Foundation, iliamua kwamba watu waliofanya kazi katika biashara za shirika la dini kwa chakula, mavazi na malazi walikuwa waajiriwa, ijapokuwa wenyewe waliapa kwamba walijitolea. Moyo wa mtoaji, kwa hukumu hiyo, hauondoi haki ya mtenda kazi.

Mei 1999 waliopata kuwa viongozi wa jumuiya wakafungua shauri New York, wakidai ujira wa saa zao. Miongoni mwa hoja zao zilikuwamo zamu, taarifa na mafunzo: mambo yale yale ambayo kampuni ilikuwa imeyaweka ili kazi iende sawa. Si wote walioshitaki. Wengine walikuwa wameipenda kazi kwa ajili ya watu waliokutana nao, na mapenzi hayo hayakuwa ya uongo. Utaratibu wenyewe ulifungwa Juni 2005, na shauri likaisha kwa mapatano ya dola milioni 15 yaliyokubaliwa mwaka wa 2010, miaka 11 tangu lilipofunguliwa.

Palipokuwa hapana muuzaji, mambo yalikwenda vingine. Mtandao wa freenode uliendeshwa na watu wa kujitolea kwa miaka mingi. Mei 2021 walipogombana na aliyedai kuwa mmiliki wake, wengi wao walijiuzulu wakaanzisha Libera Chat, na jumuiya nyingi zikahama nyuma yao. Kiongozi wa America Online aliyeondoka hakuweza kuondoka na chumba chake.

Wenye mitandao mikubwa, kwa upande wao, wakageukia walinzi wa kuajiriwa kwa mkono wa wakala. Nairobi ikawa mmoja wa miji ya kazi hiyo, na lugha za Afrika zikapata wasomaji wa kulipwa wa kuchuja yaliyoandikwa katika Facebook. Mei 2022 mmoja wa waliowahi kuifanya kazi hiyo alifungua shauri mjini humo juu ya hali ya kazi, na mwaka wa 2023 wakamfuata wengine 184. Kampuni ya Meta ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaukataa utetezi huo.