Thuluthi ya Mwaka 1921

Akisami tulizikariri sote: nusu, thuluthi, robo, humusi, hadi ushuri. Kwenye hesabu zilikuja na amri moja: ukigawanya kwa sehemu, pindua ile ya pili kisha uzidishe. Kwa nini? Mwalimu hakusema, nasi hatukuuliza. Maana ya huko kupindua nimekuja kuiona vizuri katika historia ya mishahara ya Kenya, mahali ambapo sikutarajia hesabu za darasa la saba.

Mwanzoni mwa ukoloni, pesa iliyotumika hapa ilikuwa rupia. Tangu 1905, rupia 15 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Kwa hivyo rupia moja ilikuwa shilingi moja na peni 4 za Uingereza, yaani peni 16. Vita Kuu vya Kwanza vikapandisha bei ya madini ya fedha, na rupia, ambayo ilikuwa sarafu ya fedha, ikapanda nayo. Mwaka 1920 London ikaamua rupia ikae kwenye shilingi mbili. Peni 24.

Kutoka 16 hadi 24 ni kuzidisha kwa 3/2. Kwa mlowezi hiyo ilikuwa balaa. Kahawa yake iliuzwa kwa pauni, lakini deni la benki na mishahara alilipa kwa rupia, na sasa kila rupia ilimgharimu nusu zaidi. Halafu bei za mazao zikaanguka. Mwaka 1921 waajiri walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi.

Mbona thuluthi, si robo ama nusu? Ukitoa thuluthi unabaki na 2/3. Sasa weka 3/2 kando ya 2/3: ni sehemu ileile, imesimama kwa kichwa. Zizidishe, upate 6/6, yaani moja. Kitu kilichopanda kwa nusu hakirudi kwa kutoa nusu. Jaribu na 16: ongeza nusu, 24. Toa nusu ya hiyo, 12, umepita. Toa thuluthi, 16, umefika. Ukipima kwa pauni, mshahara ulirudi palepale ulipokuwa. Kwenye daftari la mwajiri hesabu ilikuwa safi kabisa.

Shida ni kwamba mfanyakazi hakuishi kwa pauni. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilidaiwa kwa pesa za hapahapa, na hiyo hakuna aliyeipindua. Mwaka 1920 ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi 8. Tuseme mtu alilipwa rupia 6 kwa mwezi. Kodi ya zamani ilikula 5/6 ya mshahara wa mwezi mmoja. Toa thuluthi, abaki na 4: kodi ya 8 ni miezi miwili mizima, bila hata kununua chumvi. Na kipande kikining'inia shingoni, huwezi kumwacha mwajiri ukatafute mwingine hivihivi tu. Kama ubadilishaji wa pesa ndio uliokuwa sababu, basi 2/3 ingepiga pande zote. Ilipiga upande mmoja.

Harry Thuku alikuwa akifanya kazi ya simu kwenye Hazina ya serikali, Nairobi, palepale pesa zilipohesabiwa. Mwaka 1921 akaanza kuhutubia watu kuhusu mishahara, kodi na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume waliosita, akasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Naye aliuawa. Idadi rasmi ya waliokufa ni 21. Wapo waliohesabu zaidi ya hao. Ni karibu na barabara ile inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo sasa ina jina la Thuku.

Kufikia hapo rupia ilikuwa imeondolewa, kila moja ikawa shilingi mbili, na kodi ya rupia 8 ikawa shilingi 16. Mwaka huohuo wa 1922 serikali iliishusha hadi 12. Imepungua robo, sawa, ila shilingi 12 ni rupia 6, na kabla ya yote haya watu walikuwa wakilipa 5. Thuku mwenyewe alikuwa kizuizini Kismayu, bila kufikishwa mahakamani.