Mahaba ya Nyika: Ukambani Kabla na Baada ya Reli

Mwaka 1994 Beverly Jenkins, Mmarekani mweusi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Night Song. Humo mwalimu wa kike katika mji wa watu weusi huko Kansas anapendana na sajini wa kikosi cha askari weusi wa farasi. Mji wa riwayani ni wa kubuni, lakini Nicodemus, ulioanzishwa Kansas mwaka 1877 na watu waliotoka utumwani, upo hadi leo. Jenkins aliishika historia ya walowezi hao kwa upande wa ndoa: nani alimfuata nani porini, na kwa masharti gani. Anayetaka kuandika kuhusu Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, kwa jicho hilo hana haja ya kubuni sana.

Simulizi ya asili ya Wakamba yenyewe ni ya posa. Mulungu, husema wazee, alishusha mume na mke juu ya mwamba wa Nzaui, katika Makueni ya leo. Wengine wawili wakatoka ardhini kupitia kichuguu cha mchwa. Watoto wa pande hizo mbili wakaoana, na Wakamba wakapatikana. Kutoka huko watu walipanda milima ya Mbooni, yenye maji na udongo mzuri, wakaongezeka mpaka pakawabana. Katika karne ya 18 wengi walivuka mto Athi kwenda Kitui, nchi pana na kame, isiyomhurumia mtu mvua zikikosa.

Uhamaji huo ulikuwa na utaratibu wake. Kijana aliswaga ng'ombe hadi weu, yaani nyika isiyo na mwenyewe, akajenga kyengo, zizi la mbali la kulalia mifugo. Hapo alikuwa mchungaji tu. Weu uligeuka ng'undu, shamba la ukoo, pale tu ulipolimwa mwaka hadi mwaka, na aliyeushika mpini kila msimu alikuwa mke. Kwa hiyo kabla ya kudai ardhi, kijana alilazimika kurudi milimani na mbuzi wa ntheo, ambao wasipopelekwa kwa wazazi wa binti hakuna ndoa, hata wawili wakiishi pamoja miaka ishirini. Hebu fikiria binti wa Mbooni, aliyezoea chemchemi karibu na nyumba, anaambiwa mchumba wake amejenga ng'ambo ya Athi, ambako maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Hapo tayari pana sura nzima ya riwaya.

Historia iliyoandikwa, hata hivyo, inawapenda wenye misafara. Kivoi wa Kitui aliongoza mamia ya watu hadi pwani na pembe za ndovu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye mkewe Rosine alifia Mombasa mwaka 1844, alikuwa mgeni wake alipouona Mlima Kenya mwezi Desemba 1849. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wavamizi karibu na mto Tana, na Krapf akatoroka peke yake, amejaza maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa darubini. Vichaka vikang'oa nyasi alizozibia mitutu, maji yakamwagika. Tunayajua haya yote kwa kuwa Krapf aliandika. Waliobaki kulima mtama ulioushibisha msafara hawakuwa na mwandishi.

Kisha mahari yakafa. Sotoka, maradhi ya ng'ombe, iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilimaliza mazizi, nzige na ndui zikafuata, na mwishoni mwa muongo huo ikaja Ngomanisye, njaa ambayo wazee walihesabia miaka. Wanawake wa Kitui walivuka kwenda nyanda za juu za Embu na Kikuyu kutafuta chakula. Wasichana waliwekwa rehani kwa gunia la nafaka, na baadhi waliolewa huko wasirudi. Mwandishi wa mahaba akifika hapa asiharakishe, na asipambe. Jamaa walipopata tena mbuzi wa kwenda kumkomboa binti, huenda walimkuta na mtoto mgongoni na mume ambaye hakutaka kumwacha. Tena huenda hata yeye mwenyewe hakutaka kurudi.

Reli ilipita Kibwezi na Makindu miaka hiyohiyo na kufika Nairobi mwaka 1899, ikileta mishahara ya fedha taslimu. Vijana wakaenda kufanya vibarua, wengi baadaye wakaingia KAR, jeshi la kikoloni, na wakaanza kujilipia mahari bila kumsubiri baba. Wazee hawakulipenda hilo. Mwaka 1938 serikali ilipowalazimisha Wakamba wa Machakos, wilaya iliyokuwa na Makueni ndani yake, kuuza ng'ombe, Muindi Mbingu aliongoza umati hadi Nairobi. Wakoloni waliona malisho yaliyochakaa. Wenye ng'ombe waliona wake wa wana wao wakipigwa mnada.

Baada ya Vita Kuu ya Pili pori la Makueni lilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, na familia zikapewa viwanja kwa masharti ya matuta na idadi ya mifugo. Baada ya uhuru wengine walishuka wenyewe hadi Nguu na Kibwezi. Mume akiwa kazini Nairobi au Mombasa, mke na kikundi chake cha mwethya, yaani kazi ya ushirika, ndio waliochimba matuta.

David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alijulikana miaka ya 1970 kwa vitabu vya mapenzi ya mjini kama After 4.30, vilivyopigwa marufuku Tanzania. Mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya nene ya zaidi ya kurasa 1,000 kuhusu vizazi vya Wakamba. Kwa hiyo njia imekwisha kufyekwa. Ila mimi nisingeanza na mwindaji wala askari. Ningeanza na mwanamke asiyejaliwa mtoto, mwenye mbuzi na mashamba yake, anayepeleka ntheo mwenyewe na kuoa iweto, mke wa kumzalia watoto wa nyumba yake. Mila inaruhusu. Iweto huyo ana mpenzi, na watoto si wa mpenzi. Nani kati ya watatu hao atahamia weu, na nani atabaki Mbooni, ndilo swali ambalo ningelimpa msomaji katika ukurasa wa kwanza.