Tohara ya wanaume: matokeo na matatizo ya upasuaji

Tohara ya wanaume ni upasuaji wa kuondoa govi, yaani ngozi inayofunika kichwa cha uume. Kati ya upasuaji wote wa viungo vya mkojo, huu ni miongoni mwa ule wa kale zaidi na unaofanywa kwa wingi zaidi. Kwa kuwa ni mdogo na wa haraka, watu wengi huuona hauna madhara. Mashariki mwa Uganda tohara ina sura mbili. Mbale, kwa Wamasaba (waitwao pia Wagisu), ni imbalu, mila inayomvusha kijana kuwa mwanamume. Jinja iko Busoga, ambako wasio Waislamu hawakuwa na desturi ya kutahiri, na huko vijana wengi wa leo hutahiriwa kitabibu, katika hospitali ya rufaa au katika vituo vya afya vya daraja la nne kama kile cha Mpumudde, ambavyo kwa mfumo wa Uganda hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji.

Imbalu

Imbalu hufanyika katika miaka shufwa. Msimu hufunguliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya Mbale, kisha huenea kwa koo zilizotapakaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaaba. Kijana hutangaza mwenyewe kuwa yu tayari. Huwazungukia jamaa zake akicheza kwa ngoma za kadodi, na siku ikifika husimama uani mbele ya ukoo, bila ganzi, akitarajiwa asitikisike wala asipepese jicho. Ngariba hukata govi, kisha huondoa utando wa ndani uliosalia, na kazi yote huisha upesi. Wabukusu wa Bungoma, ndugu zao wa upande wa Kenya, nao hutahiri Agosti ya miaka hiyohiyo.

Hatari ya kitabibu ya imbalu iko katika kisu na katika siku zinazofuata. Kisu kimoja kikipita kwa vijana kadhaa bila kutakaswa huweza kuhamisha virusi vya Ukimwi (VVU) na vya homa ya ini kutoka damu hadi damu, na ndiyo maana kanuni ya kisu kimoja kwa kijana mmoja imehimizwa sana tangu Ukimwi uingie. Kidonda hakishonwi. Damu huzuiwa kwa kufunga tu, na kupona huchukua muda mrefu zaidi kuliko kwa aliyeshonwa. Ngariba mzoefu ana mkono mwepesi ambao tabibu yeyote angeuheshimu, lakini msimu wenye vijana wengi huwapa nafasi pia wasio na mafunzo ya kutosha.

Tohara ya kitabibu

Kabla ya kukata, mtu huulizwa kama yeye au jamaa yake huvuja damu isiyokoma, na hukaguliwa kama ana kidonda, usaha au maumbile yasiyo ya kawaida. Mtoto aliyezaliwa na tundu la mkojo upande wa chini wa uume hatahiriwi, kwa sababu ngozi ya govi lake huhitajika baadaye katika kumtengenezea mrija wa mkojo.

Ganzi ya lignokaini hudungwa kwenye shina la uume. Kuna njia ya kulibana govi kwa koleo na kukata mbele yake, na njia ya kulipasua kwanza upande wa juu hadi kichwa cha uume kionekane. Ile ya koleo ni rahisi kufundisha, ila mkataji hakioni kichwa cha uume wakati kisu kinapita. Wavulana wadogo wamejeruhiwa vibaya kwa njia hiyo, na kwa walio chini ya miaka 15 njia ya kupasua ndiyo inayopendekezwa. Mishipa ya damu hufungwa kwa uzi au huchomwa kwa umeme, ngozi hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka, na mhusika hurudi nyumbani siku ileile.

Vimetumika pia vifaa vya pete, kama ShangRing na PrePex. PrePex hulibana govi kwa mpira hadi nyama ife, kisha huondolewa baada ya siku 7. Nyama iliyokufa ni makao mazuri ya vijidudu vya pepopunda. Visa vya ugonjwa huo viliripotiwa, baadhi vikiishia kifo, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kifaa cha aina hiyo kitanguliwe na chanjo mbili za pepopunda.

Matokeo

Ushahidi mkubwa kwamba tohara hupunguza maambukizi ya VVU ulitoka Afrika yenyewe: Orange Farm nchini Afrika Kusini (2005), kisha Kisumu nchini Kenya na Rakai, ambako majaribio yalisitishwa Desemba 2006 kwa sababu faida ilikuwa imekwisha kuonekana. Rakai, kusini mwa Uganda, waliandikishwa wanaume 4,996 wa miaka 15 hadi 49, na maambukizi ya VVU kwa waliotahiriwa yalipungua kwa takriban nusu. Kisumu, kwa vijana 2,784, maambukizi katika miaka miwili yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na 4.2 kwa wasiotahiriwa. Takwimu za Rakai zilizochapishwa 2009 zilionyesha pia kupungua kwa virusi vya malengelenge ya sehemu za siri na vya papiloma (HPV). Tohara haimkingi mtu kikamilifu, na kondomu bado inahitajika.

Madhara ya kiwango cha kati na makubwa yalitokea katika asilimia 3.6 ya tohara za Rakai, nayo yote yakatibika. Kisumu, waliopata madhara walikuwa asilimia 1.5. Hayo yalikuwa matokeo ya wahudumu waliofunzwa vyema, wenye vifaa kamili, waliowafuatilia wagonjwa wao kwa makini.

Matatizo

Yaliyo mengi ni kuvuja damu na uambukizo. Damu hutoka zaidi kwenye mshipa mdogo wa upande wa chini, na ikikusanyika chini ya ngozi hufanya uvimbe unaoweza kuhitaji kufunguliwa. Mishono huweza kuachia. Ngozi ikiondolewa nyingi mno, kusimama kwa uume huuma. Ikibaki nyingi, tohara hurudiwa. Uume huweza pia kupinda au kujisokota kovu linapokaza.

Tatizo linalostahili hofu kubwa zaidi ni kutoboka kwa mrija wa mkojo. Upande wa chini, nyuma ya kichwa cha uume, mrija huo uko karibu mno na ngozi, hasa kwa mvulana ambaye hajabalehe. Mshono uliozama, moto wa umeme au usaha huweza kuutoboa, na baada ya siku kadhaa mkojo hutokea pawili. Katika visa vilivyoripotiwa na miradi ya tohara barani Afrika kati ya 2015 na 2019, walioathirika walikuwa hasa wavulana wa miaka 10 hadi 14. Tundu dogo lililogunduliwa mapema laweza kuziba mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo. La sivyo husubiriwa miezi kadhaa mpaka nyama itulie, kisha hushonwa na daktari bingwa, na hata hapo huweza kufunguka tena. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma ya tohara kwa wenye miaka 15 na kuendelea.

Utafiti wa Bungoma

Msimu wa 2004 huko Bungoma ulichunguzwa na mtafiti Robert Bailey na wenzake, na matokeo yakachapishwa 2008. Kati ya vijana 443 waliotahiriwa kimila, 156 walipata madhara, sawa na asilimia 35.2. Kati ya 559 waliotahiriwa kitabibu, 99 walipata madhara, sawa na asilimia 17.7. Tarakimu ya kwanza ndiyo hunukuliwa sana, lakini ya pili inatisha vilevile: ni zaidi ya mara kumi ya ile ya Kisumu, ingawa zote ni za tohara ya kitabibu katika Kenya ya magharibi. Jina la zahanati halikumlinda kijana pale ambapo mhudumu hakufunzwa, vifaa havikutosha na hakuna aliyekagua kidonda baadaye.

Uangalizi

Mhusika hutakiwa kurudi baada ya siku 2, siku 7 na wiki 6. Kidonda hutunzwa kikavu na safi, na kujamiiana husubiri wiki 6. Utafiti wa Rakai wa 2009 kwa wanaume walioishi na VVU ulidokeza kuwa walioanza kujamiiana mapema, kidonda kikiwa kibichi, waliwaweka wake zao katika hatari zaidi.

Hali ya sasa

Uganda ilipitisha sera ya tohara salama mwaka 2010, na huduma hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa muda mrefu gharama kubwa zilibebwa na mfuko wa Marekani wa PEPFAR. Misaada hiyo iliposimamishwa Januari 2025, tohara haikuwa miongoni mwa huduma zilizoruhusiwa kuendelea.