Mwenda kwa Miguu na Motokaa katika Njia Moja

Leo twasimulia habari za njia, na jinsi mwenda kwa miguu, aliyekuwa mwenyewe tangu zamani, alivyopata kuwa kama mgeni ndani yake.

Hapo kale katika nchi hii ya kati njia zote zilikuwa za nyayo. Wapagazi wa misafara ya pembe, watokao Tabora kwenda Bagamoyo, walivuka Ugogo wakifuatana mmoja nyuma ya mwenziwe. Wakikutana na wengine, hupishana, huamkiana, hupita. Hatari zilikuwako, kiu na njaa na simba. Lakini hatari ya kuuawa na haraka ya msafiri mwingine haikuwako.

Mwezi wa Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akusudie kuivuka Afrika mpaka Swakopmund, pwani ya magharibi. Alifika Mei 1909. Kwa kuharibikiwa na kungoja vifaa, safari ilichukua karibu miezi 21. Mwendo ambao mpagazi asingeuonea wivu.

Walakini Ulaya jambo lilikuwa limekwisha anza. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1865 iliamuru kila gari la mvuke litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu, mwenye bendera nyekundu, nalo lisipite mwendo wa maili 4 kwa saa. Yaani gari ndilo lililomfuata mtu. Tarehe 17 Agosti 1896 mama mmoja, Bridget Driscoll, aligongwa na motokaa mjini London akafa, wa kwanza nchini humo kuuawa hivyo akienda kwa miguu. Baraza la uchunguzi likasema ni ajali tu. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, sheria mpya ilimwondoa yule mtu wa kutangulia, na mwendo ukaongezwa hata maili 14. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za Uingereza, na karibu nusu yao walikuwa waenda kwa miguu. Ndipo serikali ilipoanza kuweka mahali maalumu pa kuvukia, na milia myeupe na myeusi ikafuata mwaka 1951.

Kwetu, Waingereza walipotawala Tanganyika, Barabara Kuu ya Kaskazini ilipita Dodoma na Kondoa kwenda Arusha. Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na udongo ulikuwa mlinzi wetu, ingawa tuliulaani. Lori likija, vumbi lake huonekana mbali, mashimo hulipunguza mwendo, na mchunga ng'ombe alikuwa na nafasi ya kuliondoa kundi lake. Masikio na macho yetu yalifunzwa na barabara ile.

Mwaka 2018 lami ya kutoka Dodoma hata Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi. Nasi wa Chemba, wilaya iliyotengwa na Kondoa mwaka 2012, tulishangilia, na tulikuwa na haki, maana mgonjwa hufika hospitali upesi na mazao hufika sokoni. Lakini lami haina vumbi la kutuonya. Mzee aliyezoea kungoja vumbi huiona barabara tupu, akaingia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na basi lisizidi 80 popote. Sisi walimu tuliwapeleka wanafunzi wetu kando ya barabara, wakiwa na saa, ili wafanye hesabu. Mtoto huvuka kwa sekunde 6 hivi. Katika sekunde hizo gari la mwendo wa 50 huenda mita 83, na la mwendo wa 80 huenda mita 133. Wanafunzi walidhani tumekosea. Wakarudia hesabu mara mbili.

Mzee mmoja mwenye mkongojo alituomba tumpime naye. Alitumia sekunde 14. Tulipomwambia kuwa basi huweza kwenda mita 300 kwa muda huo, aliitazama kona ya barabara, akauliza ni hatua ngapi toka hapo tuliposimama. Wanafunzi walikwenda kuzihesabu. Zilikuwa 190.